Moto ukizuka, orodha iko kwa nani?

Programu za simu sasa zinaundwa kwa siku moja bila mtaalamu wa kompyuta. Bei yake ni ndogo, lakini asiyesoma masharti atalipa mara mbili

Na Mwandishi Wetu

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando bei za mazao na mwenendo wa hisa, na kuangalia bidhaa moja ambayo haipimwi kwa kilo wala haikai bohari. Bidhaa hiyo ni orodha ya watu. Siku za kawaida hakuna anayeiulizia bei. Siku ya maafa inakuwa ghali kuliko bidhaa zote sokoni.

Wafanyabiashara wa Dar es Salaam hawahitaji kusimuliwa. Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo hiyo hiyo watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kati ya matukio hayo mawili, Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, vikaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na maduka.

Maafa hayo hayafanani, lakini maswali ya mwanzo ni yale yale. Nani alikuwepo? Nani hajaonekana? Nani amepoteza nini? Nani anastahili kulipwa, au kurudishwa mahali pake? Kwa Kariakoo swali hilo la mwisho lilidumu kuliko moshi. Mwaka 2024, miaka 3 baada ya moto, bado walikuwepo wafanyabiashara waliolalamika kwamba majina yao hayamo katika orodha ya wanaorudi sokoni.

Pengo hilo sasa lina wauzaji. Kampuni kubwa za kompyuta za Marekani, pamoja na mashirika yasiyo ya faida, zinatoa zana zinazomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kutengeneza programu yake mwenyewe kwa jioni moja: ya kuandikisha waathirika, kuhesabu vitanda vya hospitali, kupokea taarifa za mafuriko au kugawa misaada. Uchunguzi wa ukurasa huu unaonyesha kuwa zana hizo zinafanya kazi, na nyingine zimefanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki. Hata hivyo, kinachouzwa kwa bei nafuu ni fomu. Orodha iliyo sahihi, iliyofungwa vizuri na yenye mwenyewe anayejulikana haiuzwi na mtu yeyote, na hapo ndipo wengi wamepata hasara.

Kutoka waandishi wa programu hadi mtu wa kawaida

Zamani kidogo kazi hii ilikuwa ya wataalamu peke yao. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004, wataalamu wa kompyuta wa Sri Lanka walijitolea kuandika mfumo uitwao Sahana, wa kuandikisha waliopotea, kambi na mashirika ya misaada. Nchi isiyokuwa na watu wa aina hiyo ingebaki na daftari na kalamu.

Mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, vijana wachache waliunda Ushahidi, ramani iliyopokea taarifa za wananchi kutoka mahali zilipotokea. Ramani ya kwanza iliandikwa na wajuzi kwa siku chache. Miaka 2 baadaye walitoa huduma iliyoitwa Crowdmap, ambayo mtu yeyote aliweza kufungulia ramani yake bila kuandika programu wala kununua seva. Hapo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Wakati huo huo, Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle kilikuwa kinatengeneza ODK, zana ya kukusanya taarifa kwa simu. Nyingine ni KoboToolbox, iliyoanzishwa na watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Uganda; neno "kobo" wamelitoa katika lugha ya Kiacholi. Namna zinavyofanya kazi haimtishi mtu aliyezoea hesabu. Unaandika maswali kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja swali moja. Unaeleza jibu litakuwa namba, jina, picha au mahali. Zana inageuza jedwali hilo kuwa fomu, na fomu inafunguka kwenye simu za waandikishaji wote.

Hapa nyumbani mfano unaojulikana ni Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 wa kuchora ramani za maeneo ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walitembea na simu, wakaandika mifereji, njia na nyumba, na ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Wengi wao hawakuwa wataalamu wa kompyuta. Walikuwa wanaujua mtaa.

Wafanyabiashara wakubwa waliingia kwa kishindo baadaye. Januari 2020 Google ilitangaza kuinunua AppSheet, kampuni ya Seattle inayogeuza jedwali la kawaida kuwa programu ya simu. Miezi 2 baadaye janga la Uviko-19 likaupa ulimwengu mzima sababu ya kuzihitaji zana hizo kwa haraka. Hospitali za Swedish, za Seattle hiyo hiyo, zilitumia zana ya Microsoft iitwayo Power Apps kufuatilia vitanda na vifaa, na Microsoft ikatoa programu ya mfano kwa hospitali nyingine kuichukua na kuirekebisha. Kazi ambayo zamani ingepitia zabuni na miezi ya kusubiri ilikamilika kwa siku chache.

Bei na mtego wake

Mfanyabiashara atauliza ni kiasi gani. Jibu linategemea aina ya zana.

Zana za kampuni kubwa huuzwa kwa kichwa na kwa mwezi. Mwaka 2021 Microsoft ilipunguza bei ya Power Apps kutoka dola 40 hadi dola 20 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. AppSheet imekuwa ikitangaza mpango wa chini wa dola 5 kwa mtumiaji kwa mwezi. Chukua soko lenye waandikishaji 30. Kwa dola 5, mwaka mzima ni dola 1,800. Kwa dola 20 ni dola 7,200. Na hizo ni dola: shilingi ikiteleza, ada inapanda hata kama idadi ya watumiaji haikuongezeka.

Upande wa pili zipo ODK, ambayo programu yake ni huria na haina ada ya leseni, na KoboToolbox, yenye akaunti ya bure iliyowekewa kikomo. Hizi zinapunguza gharama ya kuanza, lakini hazifuti gharama. Ukiamua kuendesha ODK mwenyewe, lazima ukodi seva na uwe na mtu wa kuitunza. Simu, vifurushi, posho za waandikishaji na muda wa kuhakiki majina havimo katika bei ya zana yoyote.

Mtego wenyewe uko katika mpangilio wa malipo. Maafa hayaji kila mwezi, lakini ada inakuja kila mwezi. Kamati ya soko inaweza kulipa mwaka wa kwanza kwa shauku, mwaka wa pili kwa kunung'unika, na mwaka wa tatu ikaacha kulipa. Moto ukizuka mwaka wa nne, akaunti imefungwa na orodha imo ndani. Kwa lugha ya wahasibu, hii ni gharama isiyobadilika inayolinda dhidi ya hasara isiyotabirika. Ni sawa kabisa na bima, na kama bima, asiyelipa hadi siku ya tukio hakununua kitu.

Hasara mbili za kujifunzia

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kuwa mizania ya kampuni iliyofilisika hufundisha kuliko ya iliyofanikiwa. Kwa hiyo tutazame matukio mawili yaliyotangazwa wazi, yote katika nchi tajiri.

La kwanza ni la Uingereza. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku. Majibu yao yalikuwepo. Yalikuwa yanapitishwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambao jedwali lake haliwezi kuzidi mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja lilijaa baada ya wagonjwa wapatao 1,400. Waliofuata walianguka nje ya jedwali bila kengele kulia. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati.

Excel si programu ya dharura, lakini somo linahusu kila zana inayosimama juu ya jedwali, na nyingi zinasimama hapo. Kila jedwali lina kikomo. Kila akaunti ya bure ina kikomo. Siku ya kawaida kikomo hakionekani, kwa sababu taarifa ni chache. Kinaonekana siku taarifa zinapomiminika, yaani siku ile ile uliyoinunulia.

La pili ni la Marekani. Agosti 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya UpGuard ilitangaza kuwa kumbukumbu zipatazo milioni 38, za taasisi na kampuni 47, zilikuwa zinasomeka na mtu yeyote kwenye intaneti. Zote zilikuwa katika tovuti zilizoundwa kwa Power Apps. Miongoni mwake zilikuwamo taarifa za wananchi wapatao 750,000 wa jimbo la Indiana zilizokusanywa katika kuwatafuta waliokutana na wagonjwa wa Uviko-19: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa.

Hakuna aliyevunja kufuli. Mpangilio wa kawaida wa zana uliacha ruhusa za majedwali zikiwa zimezimwa, na aliyeunda tovuti alitakiwa aziwashe mwenyewe. Wengi hawakujua. Baadaye Microsoft ilibadilisha mpangilio huo ili ruhusa ziwe zimewashwa tangu mwanzo. Hapa ndipo penye kiini cha biashara hii. Zana inamwondolea mtumiaji kazi ya kuandika programu, lakini haimwondolei dhima ya kujua mlango upi uko wazi. Mtaalamu aliyeachwa nje ili kuokoa fedha ndiye aliyekuwa akikagua milango.

Kwetu Tanzania jambo hili lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu chini yake, ikiwemo kujisajili kwenye Tume husika. Kamati ya soko inayoandika majina, namba za simu na thamani ya mali ya watu isidhani kuwa inafanya jambo la kirafiki tu.

Jaribio la jioni moja

Mwandishi wa makala haya aliamua kupima mwenyewe. Alifungua akaunti ya bure ya KoboToolbox, akaandika maswali 12: jina la mwenye biashara, namba ya fremu, ghorofa, aina ya bidhaa, kama kuna bima, ndugu wa kupigiwa simu, na mengine ya namna hiyo. Fomu ilikuwa tayari kabla ya saa 3 usiku. Ilifunguka kwenye simu ya bei ya chini, na ilipokosa mtandao ilitunza majibu ndani ya simu hadi mtandao uliporudi. Kwa maeneo ambayo minara huzimika pamoja na umeme, sifa hiyo peke yake inatosha kuipa zana thamani.

Kesho yake alizunguka safu moja ya maduka mtaani kwake, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Fremu moja ilikuwa na wenyewe wawili. Mmoja ndiye mwenye mkataba na mwenye nyumba. Mwingine amepangishwa na huyo wa kwanza na ndiye mwenye mali iliyomo ndani. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Fremu ile ikiungua, atakayeandikwa ndiye atakayeitwa, na asiyeandikwa ataanza kutafuta mashahidi.

Mama mmoja muuza vyombo anajulikana mtaa mzima kwa jina la mwanawe wa kwanza. Leseni yake ina jina jingine, na laini ya simu anayopokelea fedha imesajiliwa kwa jina la tatu, la mdogo wake. Kompyuta ingewahesabu kuwa watu watatu, au isimpate kabisa.

Simu ilionyesha mahali kwa satelaiti bila shida, lakini maduka ya chini na ya juu yake yalipata alama ile ile kwenye ramani. Katika jengo la ghorofa, alama ya ramani haimwambii mwokoaji apande au ashuke. Namba ya fremu na ghorofa ndizo zenye kazi.

Na mzee mmoja wa vitambaa, kabla ya kujibu chochote, aliuliza, "Mwanangu, hii orodha ukimaliza inakwenda kwa watu wa kodi?" Alipojibiwa haiendi, alitaja thamani ya mzigo wake kwa sauti ya chini, na mwandishi hana hakika kuwa hiyo ndiyo thamani yenyewe. Tatizo hili haliondolewi na zana ya Google wala ya Microsoft. Mtu anayeficha mali siku ya kuandikishwa hataweza kuidai siku ya kulipwa, na mtu asiyemwamini mwandikishaji lazima ataficha.

Fomu ilichukua jioni moja. Kusafisha majina ya safu ile moja kulichukua siku 4, kwa kurudi, kupiga simu na kulinganisha na leseni. Hiyo ndiyo bei halisi ya bidhaa, na haimo katika tangazo lolote.

Wa kufanya nini

Kwa wafanyabiashara, kamati za masoko na wenye majengo, ukurasa huu unashauri yafuatayo.

Kwanza, orodha ianze kabla ya fomu. Kubalianeni nani ni mwenye fremu na nani ni mwenye mali, na fomu iwe na nafasi ya wote wawili. Tumieni namba ya fremu kama ufunguo, kwa sababu majina hubadilika.

Pili, akaunti iwe ya kamati, isiwe ya kijana mmoja mwerevu. Akipata kazi Dodoma au mkigombana, ataondoka na orodha yenu. Nywila ishikwe na watu wasiopungua wawili.

Tatu, kabla ya kulipa, ulizeni maswali matatu: kikomo cha kumbukumbu ni kiasi gani, ada ikikatika taarifa zinakwenda wapi, na zinatolewaje kwenda kwenye jedwali la kawaida. Muuzaji asiyejibu la tatu anauza mlango wa kuingilia tu.

Nne, jaribuni kuifungua orodha kwa simu isiyo na ruhusa. Mkiiona, na mwizi ataiona. Orodha ya thamani ya mizigo ya soko zima ni ramani ya wizi.

Tano, chapisheni nakala ya karatasi kila mwezi na kuiweka nje ya jengo, penye mlinzi au ofisi ya serikali ya mtaa. Nakala hiyo iwe na majina, fremu, ghorofa na simu za ndugu. Thamani ya mizigo ibaki kwenye akaunti iliyofungwa. Simu inaweza kuungua pamoja na mwenyewe. Na programu yoyote ile haichukui nafasi ya kupiga 114 kwa Zimamoto kwanza.

Sita, fanyeni zoezi mara moja kwa mwaka. Chagueni fremu 10 bila kutangaza, mhakiki kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Mkikuta 3 zimebadilika, mjue orodha yenu imekwisha muda kama dawa.

Kwa mwekezaji mdogo mwenye hisa zake chache, kuna swali la kwenda nalo kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Kampuni nyingi hutaja mpango wa dharura katika taarifa zao. Uliza orodha ya wafanyakazi na mali inatunzwa katika zana gani, nani analipa ada yake, na lini ilijaribiwa mara ya mwisho. Meneja anayejibu kwa tarehe anaendesha kampuni. Anayejibu kuwa mfumo upo, muulize tena.

Zana hizi ni neema kwa nchi ambazo hazina jeshi la waandishi wa programu, na asiyezitumia kwa kuogopa kompyuta anajinyima. Ila anayezinunua ajue anachonunua. Amenunua daftari zuri sana, lisiloloa, linaloandikwa na watu 30 kwa wakati mmoja. Yaliyomo bado ni kazi yake, na yanatakiwa yawemo kabla ya moshi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye bei za mazao. Kabla ya hapo, msomaji, muulize mwenyekiti wa soko lako swali moja: jina langu limeandikwa wapi?